Chipukizi la mgomba limegoma kushika? Inama utazame tunguu

Chipukizi la mgomba likianza kusinyaa baada ya kuhamishwa, mkulima mpya huinua macho juu. Anahesabu majani yaliyokauka, anachukua ndoo, anamwagilia. Kesho yake anarudia. Mimi nakuomba uiname. Kwa mgomba, habari za kuaminika ziko chini, kwenye tunguu. Majani huja kusema baadaye, wakati mwingine baadaye mno.

Tuelewane kwanza jinsi mmea huu ulivyojengwa, maana kila dalili utakayoisoma hapa inategemea hilo. Kile tunachokiita shina la mgomba ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine. Shina lenyewe hasa ni tunguu, lile donge lililojificha udongoni. Juu ya tunguu, katikati, ndipo kilipo kitovu cha ukuaji. Kila jani huzaliwa hapo na kupanda juu kwa kupenya katikati ya maganda. Mizizi nayo hutoka kwenye tunguu, na machipukizi ni macho ya tunguu yaliyoamka. Migomba ya kula karibu yote haina mbegu za kuotesha, ndiyo sababu tunategemea machipukizi. Ndiyo sababu pia chipukizi hurithi kila kitu cha mama yake: urefu, utamu, na wadudu na magonjwa aliyo nayo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, jiulize lina siku ngapi tangu lihamishwe. Majani kukauka siku ya tano hakunitishi hata kidogo. Majani kukauka mwezi wa tatu kunanifanya nichukue jembe.

## Limechomoka bila tunguu

Hili hujitokeza siku ileile ya kukata. Umetikisa, umevuta, chipukizi limekuja mkononi kirahisi kuliko ulivyotarajia. Ukiligeuza, chini ni peupe na pamekatika. Hakuna donge wala mzizi. Ukitazama uso wa mkato unaona duara ndani ya duara, yaani maganda matupu. Hapo umeshika majani. Kitovu cha ukuaji kimebaki udongoni kwa mama, na hakuna maji wala mbolea itakayoliotesha ulichoshika. Usilipande ukapoteza mwezi mzima kulisubiri. Likatekate uligeuze matandazo.

Chanzo ni kukata juu mno. Chipukizi zuri limeungana na mama yake kwa shingo iliyo chini ya ardhi, mara nyingi shubiri nzima au zaidi, na shingo hiyo huwezi kuikisia ukiwa umesimama. Fukua udongo pande zote za chipukizi mpaka uione. Ukishaiona, weka ncha ya mtaimbo au sepetu kali kati ya mama na mtoto, ukisogea zaidi upande wa mama, kisha kata wima kwenda chini. Wengi huinamisha sepetu kuelekea chini ya chipukizi wakidhani wanalinyanyua, na hapo ndipo wanapolipasua tunguu lake katikati. Kata kwanza, hakikisha shingo imeachana kabisa, halafu ndiyo unyanyue kutokea upande wa pili. Shingo ikikatika vizuri utaisikia: mlio mfupi, mzito, kama wa kukata tikiti, na mkono unahisi chuma kimeingia penye nafasi.

Vaa nguo za kazi. Utomvu wa mgomba hutoka kama maji, lakini ukikauka kwenye nguo huacha doa la kahawia linaloelekea weusi, na doa hilo halitoki.

Kama umepata kipande cha tunguu, hata kidogo kama yai, na katikati yake hapajaguswa, usikate tamaa. Usilipeleke shambani moja kwa moja. Lipande kwenye kiriba chenye udongo mwepesi, liweke kivulini, udongo uwe na unyevu kidogo tu, na ulihamishe tena likishatoa majani matatu au manne mapya.

## Majani yamelala siku chache baada ya kupanda

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu kuliko zote, na ndiyo isiyostahili hofu hiyo. Ulipolikata chipukizi, uliikata mizizi yake. Mizizi ya mgomba iliyokatwa haichipui upya kama ya miti mingi. Hufa, na tunguu hutoa mingine mipya, minene na myeupe kama kamba, katika wiki mbili tatu zinazofuata. Katika kipindi hicho hakuna kinachonywa, ilhali majani mapana yanaendelea kupoteza maji mchana kutwa. Lazima yalale.

Dawa yake ni kuyapunguza. Kata majani yote yaliyofunguka, acha jani changa la katikati lililoviringika. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, hukata shina lote likabaki sentimita 15 hadi 20 juu ya udongo, kwa mkato wa kuinama ili maji ya mvua yateleze. Anayeona mara ya kwanza hudhani umeliua. Lakini kitovu kiko salama kwenye tunguu, na chipukizi lililokatwa hivi humaliza wiki za mwanzo bila kuhangaika. Kama ulipanda bila kupunguza majani, punguza leo.

Kinachoua katika kipindi hiki ni huruma ya ndoo. Chipukizi langu la kwanza nililimwagilia asubuhi na jioni kwa karibu wiki mbili, kwa sababu kila nilipolitazama lilikuwa limelala zaidi. Nilipolichimbua, tunguu lililokuwa gumu na jeupe siku ya kupanda lilikuwa limegeuka uji wa kahawia. Halikuwa na kiu. Halikuwa na mizizi ya kunywea. Mwagilia vizuri mara moja siku ya kupanda ili udongo ushikane na tunguu. Baada ya hapo ingiza kidole udongoni mpaka kiishe: ukigusa unyevu, ondoka. Mizizi ikishatoka na jani jipya likishafunguka, hapo mgomba utataka maji mengi, nawe umpe.

Jinsi ya kutofautisha uchovu na ugonjwa: shika jani la katikati. Likiwa gumu na la kijani, hata kama mengine yote yamekauka, chipukizi liko salama. Likiwa limefifia na ukilivuta taratibu linachomoka likiwa na ncha laini ya kahawia inayonuka, hiyo habari ni ya kuoza, na inafuata huko mbele.

## Wiki ya nne imepita, kimya

Shina limesimama, si bichi wala si kavu, na hakuna jani jipya. Usilitikise wala kulichomoa ili uone mizizi, maana utaikata ile michache iliyoanza kutoka. Kuna kipimo kizuri zaidi ambacho kinahitaji kisu kikali na subira ya siku moja.

Kata shina kwa mlalo, sentimita mbili tatu chini ya mkato wa zamani. Tazama uso mpya. Utaona maganda yamejipanga kwa duara, na katikati kabisa kidoti cha rangi nyeupe inayokaribia njano. Hilo ni jani changa likiwa safarini. Uache mkato ukiwa tambarare, nenda zako. Ukirudi kesho na kukuta kile kidoti kimenyanyuka juu ya maganda mengine, kama antena ya redio iliyovutwa kidogo, chipukizi ni hai na linafanya kazi. Kwenye joto zuri huhitaji hata kusubiri kesho. Baada ya saa chache utaona tofauti kwa macho. Nimeshuhudia jambo hili mara nyingi na bado huwa nainama kulitazama.

Uso ukibaki sawasawa na katikati pakiwa na rangi ya kahawia, kata chini kidogo tena. Endelea mpaka ufikie nyama nyeupe au ufikie tunguu. Ukifika kwenye tunguu bila kukuta uhai katikati, bonyeza tunguu lenyewe kwa kidole gumba. Kama bado ni gumu, lifunike udongo uliache. Kitovu kikuu kinaweza kufa na macho ya pembeni yakaamka. Huchukua mwezi mmoja au miwili zaidi, lakini huamka.

Kama ni hai ila limezubaa, chanzo mara nyingi ni kimojawapo kati ya hivi. Baridi: mgomba hustawi kwenye nyuzijoto 26 hadi 30, na chini ya 14 hivi ukuaji karibu husimama, kwa hiyo chipukizi lililohamishwa mwanzoni mwa kipupwe litakaa kimya mpaka joto lirudi, na hakuna cha kufanya zaidi ya kulikinga na maji mengi. Kina: tunguu lote linapaswa kufunikwa, lakini udongo juu yake usizidi sentimita 5 hadi 10, likizikwa chini zaidi, jani changa linachelewa njiani na huweza kuoza. Ukavu kabla ya kupanda: tunguu linavumilia siku kadhaa kivulini, lakini likiachwa juani mpaka ngozi ikunjamane, linaanza maisha likiwa na deni.

## Chini pamelainika na pananuka

Bonyeza shina pale linapokutana na udongo. Kama kidole kinazama na harufu inakupanda puani, ni bakteria wa kuozesha. Hawa wapo kwenye udongo siku zote. Wanachosubiri ni jeraha bichi lililokalishwa kwenye maji.

Chimbua leo hii. Kata sehemu yote iliyooza kwa kisu kikali, ukisafisha kisu kila baada ya mkato, mpaka ubaki na nyama nyeupe tupu. Kama kitovu kimeguswa, tupa mbali na migomba mingine. Kama kimesalia, weka tunguu mahali pakavu penye hewa na kivuli kwa siku moja au mbili, ndani ya nyumba au stoo. Usiliache shambani usiku: harufu ya tunguu lililomenywa huwaita fukusi wa migomba, na jike lake litataga hapohapo. Kisha lipande mahali pengine.

Halafu shughulika na shimo, maana shimo ndilo lililoliua. Shimo la kawaida la mgomba ni la sentimita 60 kila upande. Kwenye udongo wa kichanga ni shimo. Kwenye mfinyanzi ni beseni. Lijaze maji jioni uone. Kama asubuhi maji bado yapo, usipande humo. Rudisha udongo, inua tuta, panda juu ya tuta. Angalia pia samadi uliyoweka. Samadi mbichi hupata joto inapooza na kuunguza mizizi michanga inayotoka. Tumia iliyoiva, ambayo haina tena harufu ya zizi na inamumunyuka mkononi, kama lita 20 kwa shimo, iliyochanganywa na udongo wa juu.

## Limeshika, lakini haliongezeki

Hapa panahitaji kipimo, kwa sababu macho hudanganya. Funga uzi kwenye jani jipya kabisa lililofunguka na uandike tarehe. Kwenye joto na maji ya kutosha, mgomba unaokwenda vizuri hutoa jani jipya kila baada ya siku 7 hadi 10. Kwenye baridi inaweza kuwa wiki tatu, hata mwezi. Kama ni msimu wa joto na uzi wako bado uko kwenye jani la juu baada ya wiki tatu, kuna tatizo.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni uchaguzi. Kuna machipukizi ya aina mbili, na mgeni wa migomba karibu kila mara huchagua lile baya kwa kuwa ndilo linalopendeza. Chipukizi la maji lina majani mapana tangu likiwa fupi, mfano mdogo wa mgomba mkubwa. Limeungana na mama juujuu, mara nyingi limetoka kwenye kisiki cha zamani, na chini yake tunguu ni dogo. Majani mapana yale ni ishara kwamba limeachwa lijitafutie chakula likiwa bado halina akiba. Chipukizi sime lina majani membamba yaliyochongoka kama jina lake, linaonekana kama limekonda, lakini ukilifukua unakuta chini limetanuka na tunguu ni kubwa kuliko ulivyodhani. Huyo mama anamnyonyesha. Chagua sime lenye urefu wa nusu mita hadi mita moja, lenye umbo la koni: chini pana, juu jembamba.

Kama ulishapanda chipukizi la maji na limeshika, huna haja ya kulitupa. Litachelewa na mkungu wake wa kwanza utakuwa mdogo. Lipe mboji na matandazo, na litakapoanza kutoa machipukizi yake, chagua sime mmoja aendeleze shina hilo.

Vyanzo vingine nitavitaja kwa haraka. Nyasi na magugu yaliyo chini ya mgomba hunyang'anya maji na chakula, kwa sababu mizizi ya mgomba mingi hukaa juujuu. Ng'oa kwa mkono au palilia kwa kuparua, usichimbe. Kivuli cha mti mkubwa hurefusha shina na kulikondesha. Na machipukizi yanayozuka mapema kuzunguka mche mchanga huupunguzia nguvu. Yakate mpaka usawa wa udongo na utoboe kitovu kwa ncha ya kisu, la sivyo yatarudi. Baadaye utafuata mpango wa mama, mtoto na mjukuu: mgomba mmoja unaozaa, mmoja wa kurithi, mmoja mdogo, basi.

## Rangi ya majani

Majani yakipauka yote, ya zamani yakitangulia, mmea unataka nitrojeni. Kingo za majani ya zamani zikiwa njano kuelekea rangi ya chungwa kisha zikakauka, ni potasiamu, na mgomba hula potasiamu nyingi. Mabaka meupe au ya kahawia upande unaotazama jua, baada ya kutoa mche kivulini na kuuweka juani siku moja, ni kuungua. Uzoeshe kwa siku saba hadi kumi. Majani kuchanika ni upepo tu. Usiweke mbolea ya dukani kabla majani mawili matatu mapya hayajafunguka, na ukiweka, izunguke shina kwa mbali bila kuligusa.

## Limeanguka

Usiliondoe haraka. Mgomba ulioanguka umekuacha na ushahidi wote, na dakika tano za kuutazama zitakuokolea shamba. Tazama kilichobaki ardhini.

Tunguu likiwa limevunjika, nusu imebaki chini na nusu imekuja na shina, na ndani kuna vijia vilivyojaa unga wa kahawia, huyo ni fukusi wa migomba. Mdudu mzima ni mweusi, ana urefu wa sentimita moja na kidogo, ana pua ndefu iliyopinda, hutembea usiku na ni nadra kuruka. Anayeharibu ni funza wake, mweupe mwenye kichwa cha kahawia, anayekula tunguu akiwa ndani.

Tunguu likiwa zima na limeng'oka lote pamoja na vijiti vifupi vyeusi vya mizizi iliyokatika, shuku nematodi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Chukua mzizi mmoja, upasue kwa urefu. Mzizi mzima ni mweupe mpaka katikati. Ulioshambuliwa una madoa ya rangi nyekundu inayoelekea kahawia au zambarau, kama nyama iliyochubuka.

Tunguu zima, mizizi myeupe, lakini yote imekaa juu: ulipanda juujuu, au mvua imeondoa udongo. Hili ndilo lililo jepesi. Lisimamishe, lifunike vizuri, liwekee mhimili mpaka lishike.

Fukusi na nematodi hawakulifuata chipukizi barabarani; walikuja nalo. Ndiyo maana kazi ya siku ya kupanda ni muhimu kuliko dawa yoyote ya baadaye. Ukishalitoa chipukizi, kata mizizi yote, kisha menya ngozi ya tunguu kwa kisu mpaka libaki jeupe. Kila doa la kahawia lifuate mpaka liishe. Ukiona vijia vinaingia katikati, acha chipukizi hilo, tafuta jingine. Fanya umenyaji mbali na mahali utakapopanda, na maganda uyachome au uyaanike juani mpaka yakauke kabisa.

Halafu liogeshe. Chemsha maji kwenye chungu kikubwa mpaka yachemke kwelikweli, tumbukiza tunguu lote kwa sekunde 30, toa, acha lipoe. Ndiyo, maji yanayochemka. Sekunde hizo zinatosha kuua mayai, funza wadogo na nematodi walio karibu na ngozi, na hazitoshi joto kufika kwenye kitovu. Hesabu kwa saa, usikisie, na uache maji yachemke tena kabla ya kutumbukiza jingine. Mwenye kipimajoto anaweza kutumia maji ya nyuzi 53 hadi 55 kwa dakika 20. Kipande kidogo cha tunguu cha ukubwa wa yai usikichemshe, kitaiva.

Shambani, kata vipande vya shina la mgomba uliovunwa, vyenye urefu wa sentimita 30, vipasue kwa urefu na uvilaze vikiwa vimefudikizwa karibu na mashina. Fukusi hujikusanya chini yake. Vigeuze asubuhi baada ya siku mbili tatu, waokote uwaue, na ubadilishe vipande vikikauka.

## Dalili ambazo hutakiwi kuzitibu

Matatizo yote niliyoyataja mpaka hapa yana njia. Haya matatu hayana, na huyatambui kwa chipukizi bali kwa shina lilikotoka. Chipukizi linaweza kuonekana safi kabisa huku limebeba ugonjwa, kwa hiyo kabla ya kukata, zunguka mama na jirani zake wote.

Mnyauko bakteria: majani hunyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, ndani zina rangi ya kahawia. Kata shina, subiri dakika chache; likitoa usaha wa njano iliyopauka, acha kila kitu hapohapo.

Mnyauko wa fuzari, unaojulikana pia kama ugonjwa wa Panama: majani ya chini hugeuka njano kuanzia kingoni, huvunjika penye kikonyo na kuning'inia kulizunguka shina kama sketi. Shina huweza kupasuka karibu na ardhi, na ukilikata ndani unaona mistari ya rangi nyekundu inayoelekea kahawia. Kuvu huyu hubaki udongoni kwa miongo. Ndiye aliyeiondoa aina ya ndizi iitwayo Gros Michel kwenye biashara ya kimataifa katikati ya karne ya 20, ikashika nafasi yake aina nyingine, Cavendish, na mashamba mengi yaliyoambukizwa yaliambukizwa kwa machipukizi ya kupandia.

Cha tatu ni virusi vinavyorundika majani kileleni: majani membamba, yaliyosimama wima na kubanana juu kama maua ndani ya chupa, yenye kingo za njano. Inua jani ulitazame dhidi ya mwanga. Kandokando ya mshipa mkuu utaona vinukta na vistari vya kijani kilichokolea. Husambazwa na vidukari na kwa machipukizi.

Ukiona mojawapo, usichukue hata chipukizi moja kwenye shina hilo, usihamishe udongo, na uwaarifu wataalamu wa kilimo wa eneo lako, kwa kuwa namna ya kung'oa hutofautiana. Kwa kupanda upya tafuta miche ya maabara iliyooteshwa kutoka tishu safi.

Vifaa navyo hubeba. Kabla ya kuhama kutoka shina moja kwenda jingine, ondoa kwanza udongo na utomvu wote, kisha ama uchome makali kwenye moto mpaka yasishikike kwa mkono, ama uyaloweke kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja ya dawa kwa tano za maji. Uchafu ukibaki kwenye chuma, klorini huishia kwenye uchafu.

## Mama naye ameanza kulegea

Mara nyingine chipukizi linashika vizuri na anayeumia ni aliyebaki. Mama ameinama upande mmoja, au majani yake ya chini yanakauka wiki moja baada ya kukata. Rudi kwenye shimo uliloliacha. Kama liko wazi, limekusanya maji kwenye jeraha la tunguu na limeuondolea mgomba udongo wa kuegemea. Lijaze udongo siku ileile, shindilia kwa mguu taratibu, tandaza majani makavu bila kugusa shina, na umwegemezee mti wa mhimili upande wa shimo.

Kama amebeba mkungu, usichukue chipukizi lingine kwake mpaka uvune. Kama hana, chipukizi moja kwa mara moja linatosha, na lile sime bora kuliko yote mwachie, maana ndilo litakalosimama pale mama atakapovunwa. Chukua la pili kwa ubora. Rudi baada ya mwezi na ule uzi wako, ufunge kwenye jani jipya la mama pia: akitoa majani kwa mwendo aliokuwa nao kabla hujamkata, unaweza kuchimba tena upande wa pili.